Ngome ya Chama Haina Hatimiliki

Ndugu msikilizaji, kila baada ya miaka minne, inapofika Novemba ya uchaguzi wa Rais wa Marekani, magazeti na televisheni hutuonyesha ramani ya nchi ile ikiwa imepakwa rangi mbili. Majimbo mekundu ni ya chama cha Republican, majimbo ya buluu ni ya chama cha Democratic. Ramani hiyo ikishatolewa, ubishi huanza vijiweni. Mmoja atasema jimbo fulani ni la Republican tangu enzi za mababu. Mwingine atajibu kwamba jimbo lile jingine kamwe haliwezi kuwaacha Democratic. Wote wawili husema kwa uhakika mkubwa, kana kwamba wanazungumzia mlima, kitu ambacho Mwenyezi Mungu alikiweka pale na hakitahama.

Juma hili nataka tuupime uhakika huo. Nimechagua jimbo moja tu, Georgia, lililoko kusini mashariki ya Marekani, ambalo mji wake mkuu ni Atlanta. Nimelichagua kwa sababu jimbo hilo limekuwa ngome ya chama kimoja kwa karibu karne nzima, baadaye likawa ngome ya chama cha pili, na leo hakuna chama kinachothubutu kuliita lake. Tukiufuata mwendo wa Georgia tutaona kwamba uaminifu wa jimbo kwa chama hautegemei tu mioyo ya watu inapenda nini. Unategemea pia ni watu gani walioruhusiwa kupiga kura.

Kwanza tukumbushane utaratibu wenyewe, maana bila ya huo mambo hayataeleweka. Rais wa Marekani hachaguliwi kwa kujumlisha kura za nchi nzima. Kila jimbo limepewa idadi ya wajumbe wa kumchagua Rais, ambayo hubadilika kadiri watu wake wanavyoongezeka au kupungua. Jumla ya wajumbe wote ni 538, na anayeutaka Urais sharti apate 270. Georgia inao 16. Mgombea anayeongoza Georgia, hata kwa kura moja, huwachukua wote 16, na wa pili huambulia patupu. Ndivyo ilivyo karibu katika majimbo yote. Kwa hiyo wakubwa wa vyama hujiuliza kila mara: jimbo lipi tayari liko mfukoni, na lipi la kuhangaikiwa?

Basi turudi nyuma. Mwaka 1861 Georgia ilikuwa miongoni mwa majimbo 11 ya kusini yaliyojitenga na Marekani ili kuulinda utumwa. Rais wakati huo alikuwa Abraham Lincoln, wa chama cha Republican. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilidumu hadi 1865. Mwaka 1864 majeshi ya Jenerali Sherman yaliiteka Atlanta, sehemu kubwa ya mji ikateketea, kisha yakatembea hadi pwani ya Savannah yakiharibu reli na mashamba njiani. Kwa mzungu wa Georgia, neno Republican likawa jina la aliyemshinda na kumchomea moto. Kwa mtu mweusi aliyekuwa mtumwa, neno hilo hilo likawa jina la aliyemkata minyororo. Hivyo kila upande ulikuwa na chama chake, na kila upande ulikuwa na sababu yake.

Kama watu hao wote wangeachwa wapige kura kwa amani, Georgia isingekuwa ngome ya mtu. Watu weusi walikuwa karibu nusu ya wakazi wa jimbo hata ilipofika mwaka 1900. Lakini hawakuachwa. Mwaka 1868, mara tu baada ya kuingia katika bunge la jimbo kwa kura halali, wabunge weusi zaidi ya ishirini walifukuzwa kwa sababu ya rangi yao. Serikali ya Marekani iliingilia kati na kuwarudisha, lakini vitisho na mauaji ya usiku viliendelea vijijini, na kufikia 1872 wazungu wa chama cha Democratic walikuwa wamekwisha kuishika serikali ya jimbo.

Baada ya hapo zilitungwa sheria moja baada ya nyingine. Katiba ya jimbo ya mwaka 1877 iliweka kodi ambayo ni lazima mtu ailipe ndipo apige kura, na asiyelipa mwaka huu aliliona deni likimngoja mwaka unaofuata, limeongezeka. Mwaka 1908 yakaongezwa masharti ya kujua kusoma na kuifafanua katiba, au kuwa na mali, na msimamizi wa mtihani alikuwa mzungu. Ili wazungu maskini wasinaswe na mtego huo, sheria ilitoa msamaha kwa watu waliopigana vitani na vizazi vyao. Na juu ya hayo yote, chama cha Democratic kilitangaza kwamba kura zake za maoni ni za wazungu peke yao. Kwa kuwa hapakuwa na chama kingine chenye nguvu, aliyeshinda kura za maoni alikuwa amekwisha kushinda uchaguzi. Kura iliyofuata ilikuwa ni kutimiza desturi tu.

Matokeo yake ni kwamba hakuna mgombea Urais hata mmoja wa Republican aliyeshinda Georgia kwa miaka mia moja ya mwanzo ya chama hicho. Mwaka 1932 Franklin Roosevelt wa Democratic alipata zaidi ya asilimia 90 ya kura za Georgia. Anayeitazama takwimu hiyo peke yake atasema huo ndio uaminifu. Lakini hebu tutazame takwimu ya pili. Georgia wakati huo ilikuwa na watu wapatao milioni 2.9. Waliopiga kura walikuwa kama laki mbili na nusu. Katika kila watu kumi na mmoja, alipiga kura mmoja. Sasa tujiulize, hiyo asilimia 90 ni uaminifu wa nani? Ni uaminifu wa waliokuwa ndani ya chumba, wakati waliofungiwa nje walikuwa wengi kupita kiasi.

Tusimwonee Roosevelt. Alikuwa na mapenzi ya kweli na Georgia. Alikuwa akienda Warm Springs kutibu miguu yake iliyopooza, na huko huko ndiko alikofariki Aprili 1945. Wakulima maskini wa pamba waliiona serikali yake ikiwaletea kazi na umeme. Lakini wakati wake lilitokea jambo jingine. Katika miji ya kaskazini, ambako mtu mweusi aliweza kupiga kura, watu weusi walianza kukiacha chama cha Lincoln na kumpigia Roosevelt, kwa sababu ya njaa na ajira. Hivyo chama kimoja kikawa na wazungu wa kusini waliotaka ubaguzi ubaki, na pia watu weusi wa kaskazini waliotaka ubaguzi uondoke. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja.

Georgia kwenyewe mlango ulianza kufunguliwa kwa kusukumwa. Mwaka 1944 kinyozi na mhubiri mweusi wa mji wa Columbus, Primus King, alikwenda kupiga kura katika kura za maoni za Democratic. Alifukuzwa, naye akaenda mahakamani. Mahakama za shirikisho zilimpa haki, na kufikia 1946 kura za maoni za wazungu peke yao zikawa zimekufa Georgia. Kodi ya kupigia kura nayo ilikuwa imefutwa mwaka mmoja kabla. Hata hivyo, vijijini mtu mweusi aliyekwenda kujiandikisha aliendelea kuhatarisha kazi yake, na pengine maisha yake.

Mwaka 1960 utatuonyesha jinsi mambo yalivyokuwa yamechanganyika. Mzee Martin Luther King, mchungaji wa Atlanta na baba wa yule tunayemfahamu sote, alikuwa bado mtu wa Republican, kama wazee wengi weusi wa mji ule. Oktoba mwaka huo mwanawe alikamatwa katika maandamano ya kupinga ubaguzi kwenye duka kubwa la Atlanta, kisha akahukumiwa miezi minne gerezani kwa kisingizio cha kosa la zamani la leseni ya gari. Mgombea wa Democratic, John Kennedy, alimpigia simu mke wa kijana huyo kumpa pole, na ndugu yake Robert akampigia simu hakimu. Kijana akaachiwa. Mzee King akatangaza hadharani kwamba anampigia Kennedy. Mwezi uliofuata Kennedy alipata zaidi ya asilimia 62 ya kura za Georgia, zaidi hata ya alizopata kwao Massachusetts. Wengi wa waliompigia walikuwa wazungu waliofuata desturi ya babu zao.

Miaka minne baadaye desturi hiyo ilikatika. Julai 1964 Rais Lyndon Johnson wa Democratic, mtu wa kusini mwenyewe, alitia saini sheria ya haki za raia iliyopiga marufuku ubaguzi katika mahoteli, maduka na kazi. Seneta Barry Goldwater wa Republican aliipinga sheria hiyo, na ndiye aliyekuwa mgombea wa chama chake. Novemba, Johnson alishinda nchi nzima kwa kishindo, lakini Georgia ilimpa Goldwater asilimia 54. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia kwa Georgia kumchagua Republican. Na siku hiyo hiyo, kule kaskazini, jimbo la Vermont, ambalo lilikuwa limewachagua Republican katika kila uchaguzi wa Rais tangu 1856, lilimchagua Mdemokrati kwa mara ya kwanza. Ngome mbili za karne nzima zilianguka siku moja, kila moja ikielekea upande wa mwenzake.

Je, watu wa majimbo hayo walikuwa wamelala na fikra moja na kuamka na nyingine? La hasha. Majina ya vyama yalibaki pale pale, lakini kilichomo ndani ya vyama kilihama. Ni kama duka lenye kibao cha zamani mlangoni na bidhaa mpya ndani. Mteja aliyezoea kibao huendelea kuingia kwa muda, mpaka siku anapotambua kwamba anachokitafuta sasa kinauzwa ng'ambo ya barabara.

Tena mwaka 1965 ikaja sheria ya haki ya kupiga kura. Kabla yake, ni kama robo tu ya watu weusi wenye umri wa kupiga kura waliokuwa wameandikishwa Georgia. Kufikia 1967 walikuwa zaidi ya nusu. Waliofungiwa nje walianza kuingia, na wengi wao waliingia kwa mlango wa Democratic.

Tazama sasa msukosuko uliofuata. Mwaka 1968 Georgia ilikataa vyama vyote viwili na kumpa ushindi George Wallace, gavana wa zamani wa Alabama aliyesimama kwa chama cha tatu akitetea ubaguzi. Mwaka 1972 Richard Nixon wa Republican alipata asilimia 75. Mwaka 1976 alitokea mkulima wa karanga wa kijiji cha Plains, Bw. Jimmy Carter, gavana wa zamani wa Georgia, na jimbo likarudi kwa Democratic kwa theluthi mbili ya kura. Bw. Carter alishinda katika kaunti zote 159 za jimbo lake, akiwaunganisha wazungu wa mashambani na watu weusi. Hata mwaka 1980, aliposhindwa vibaya na Ronald Reagan, Georgia ilikuwa miongoni mwa majimbo sita tu yaliyobaki naye.

Lakini huo ulikuwa uaminifu kwa mwana wa nyumbani, si kwa chama. Mwaka 1984 Reagan aliichukua Georgia kwa asilimia 60. Mwaka 1992 Bw. Bill Clinton aliipata kwa tofauti ya kura kama elfu 13 na mia saba, huku tajiri Ross Perot akigawa kura za wengine. Kuanzia 1996 hadi 2016 Georgia haikumpa ushindi Mdemokrati yeyote wa Urais. Bw. Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kenya, alishinda Urais mara mbili, 2008 na 2012, bila ya Georgia.

Hapa pana funzo dogo kuhusu mazoea. Huyo mzungu wa Georgia aliyempigia Nixon mwaka 1972 aliendelea kuwachagua Wademokrati kwa ugavana miaka mingine thelathini. Ni mwaka 2002 tu ndipo Georgia ilipomchagua gavana wa Republican, wa kwanza tangu miaka ya baada ya vita vya Lincoln. Watu hukihama chama kwanza katika mambo ya mbali, na nyumbani mwisho.

Basi watu wakasema: sasa Georgia ni ya Republican, mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, kwa sababu Georgia yenyewe ilikuwa ikibadilika watu. Mwaka 1990 jimbo lilikuwa na wakazi wapatao milioni 6.5. Mwaka 2020 walikuwa milioni 10.7. Atlanta ilikuwa imekuwa mji wa kazi, wenye makampuni makubwa, vyuo na kiwanja cha ndege kilicho miongoni mwa vyenye wasafiri wengi zaidi duniani. Watu weusi ambao babu zao walikimbilia Chicago na Detroit walianza kurudi kusini. Walikuja pia watu wa Amerika ya Kusini, wa Asia na wa Afrika, wakiwemo wa Afrika Mashariki.

Tuchukue kaunti mbili za pembezoni mwa Atlanta, Cobb na Gwinnett. Katika miaka ya sabini na themanini ndiko walikohamia wazungu wengi wa kipato cha kati waliouacha mji, na wakazigeuza kuwa ngome za Republican. Mwaka 2016 kaunti zote mbili zilimpigia Mdemokrati kwa mara ya kwanza tangu enzi ya Bw. Carter. Wakati huo huo, kaunti nyingi za mashambani zenye wazungu wengi, ambazo zilimpigia Bw. Carter kwa moyo wote, zilikuwa zimekwenda Republican kwa kura nyingi kupindukia. Jimbo ni lile lile, ila pande zake zimebadilishana mahali.

Mwaka 2020 watu wapatao milioni tano walipiga kura Georgia, karibu nusu ya wakazi wote. Kumbuka yule mmoja katika kumi na mmoja wa 1932. Bw. Joe Biden alimshinda Bw. Donald Trump kwa kura 11,779 tu. Kura zilihesabiwa tena kwa mikono, na mshindi akabaki yule yule. Januari 2021 Bw. Trump alimpigia simu msimamizi mkuu wa uchaguzi wa Georgia, Bw. Brad Raffensperger, mtu wa chama chake mwenyewe, akimtaka amtafutie kura 11,780, yaani moja zaidi ya pengo. Msimamizi alikataa. Katika siku hizo hizo Georgia ilimchagua kuwa seneta Mchungaji Raphael Warnock, wa kanisa lile lile la Atlanta alikohubiri Mzee King na mwanawe. Ni mtu mweusi wa kwanza wa Georgia kuingia katika Seneti ya Marekani.

Wapo walioruka kwa furaha na kusema: Georgia sasa ni ya Democratic. Nao walikosea. Mwaka 2024 Bw. Trump aliichukua tena, kwa zaidi ya kura laki moja. Na katikati ya chaguzi hizo mbili, mwaka 2021, bunge la jimbo lilitunga sheria mpya ya uchaguzi iliyobana masharti ya kura za kwa posta na masanduku ya kuzitumbukizia. Waliyoitunga walisema inalinda usalama wa kura. Walioipinga walisema inawarudisha watu nje ya mlango. Unaona, ndugu msikilizaji, kwamba ubishi wa 1877 na 1908 kuhusu nani aingie chumbani haujaisha, ingawa leo unaendeshwa kwa lugha nyingine na mahali ambapo wengi wamekwisha kuingia.

Tukusanye basi tuliyoyaona. Jimbo hubadilika kwa njia tatu. Ya kwanza, chama chenyewe hubadilika, kama ilivyokuwa 1964, na mpiga kura aliyesimama palepale hujikuta upande mwingine. Ya pili, watu hubadilika, wengine wakihamia na wengine wakihama, kama huko Cobb na Gwinnett. Ya tatu, ambayo ni rahisi kuisahau, sheria ya nani apige kura hubadilika, na hapo sauti iliyozimwa husikika au iliyosikika huzimwa. Anayetazama rangi ya ramani bila ya kuuliza hilo la tatu anaweza kuuita woga kuwa ni mapenzi, na ukimya kuwa ni ridhaa.

Kwa wakubwa wa vyama, popote walipo, kisa hiki kina onyo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Chama kikiambiwa mwaka baada ya mwaka kwamba mahali fulani ni pake, huacha kwenda kusikiliza, hupeleka ahadi zile zile, na siku moja hukuta watu wamekwisha kuondoka. Ngome ya chama haina hatimiliki. Ina mkataba wa miaka minne tu, nao hutiwa saini upya na watu mmoja mmoja, nyuma ya pazia, pale ambapo hakuna anayewachungulia. Ulinzi wa pazia hilo, na wa haki ya kila mtu kulifikia, ni muhimu kuliko rangi yoyote ya ramani.

Hadi juma lijalo, kwaherini.